Jina la Kumi na Mbili

Posa ya Masoud ilikubaliwa siku ya pili baada ya arobaini ya Mzee Twalib. Hafidha, binti wa marehemu, aliyeingoja habari hiyo miaka miwili mizima, alipoisikia alikimbilia uani akajifungia chooni.

Aliyeileta ni ami yake Shuaibu, mdogo wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bagamoyo mjini. Yeye alikaa barazani, naye Bi Zuwena, mamake Hafidha, akakaa ndani, pazia katikati, kwa kuwa Bi Zuwena alikuwa edani na shemeji si mtu wa kuonana naye. Hafidha alikuwa kando ya mama yake anachagua mchele, macho kwenye ungo, masikio nje.

“Shemeji, yule kijana nimemkubalia,” alisema Ami Shuaibu.

Bi Zuwena alisogea karibu na pazia. “Yule yule ambaye mwaka jana ulimwambia marehemu kwamba wana wa Fukayosi wakaoe kwao Fukayosi?”

“Yule yule. Mwaka jana alikuja na kichwa juu. Jana kaja, kakaa kwenye mkeka, analia mbele yangu. Kasema, ami, mimi ndiye niliyemnyima kaka yako pumzi, nipe adhabu uitakayo. Nikamwambia adhabu sina, nina masharti.”

“Masharti gani?”

“Aache kazi ya sola. Leo alasiri wanachama wanakutana kituoni, atawakabidhi funguo na kusema kosa lake kwa mdomo wake. Kisha aje dukani kwangu, nimpe kazi. Ndoa Ijumaa, ya kimya, hakuna ngoma, msiba bado mbichi. Na nikwambie, shemeji, mtu wa namna hiyo hatainua sauti ndani ya nyumba ya mtoto wetu mpaka anaingia kaburini. Ukimwambia kaa, atakaa. Nani siku hizi anampata mume wa hivyo?”

Hapo ndipo Hafidha alipouweka ungo chini akatoka.

Sasa sina budi kurudi nyuma kidogo, maana mambo ya nyumba hii mengi yalifichwa, na ukiyasikia nusunusu utamhukumu asiyestahili.

Mkondeni ni mji mdogo, mwendo wa saa moja kutoka Bagamoyo ukielekea kaskazini, na umeme wake ni wa wenyewe. Walipochoka kungoja nguzo, wakazi walichanga, asiye na kitu akabeba mchanga na kokoto, mpaka paneli zikasimama kwenye uwanja wa gulio la zamani. Chama chao wanakiita Umoja, na kila nyumba ina sauti moja, ya tajiri na ya mjane sawasawa. Fundi wao ni Masoud, kijana wa Fukayosi aliyekuja kufunga waya kwa mwezi mmoja akabaki miaka mitatu. Karani wao ni Hafidha. Kwa nini yule fundi alibaki, mji mzima ulijua kabla wao wawili hawajaambiana.

Masika yakikaza, jua likapotea siku tatu mfululizo, betri kubwa za kituoni huishiwa, na laini za mitaa hukatwa kwa zamu ili zahanati na pampu ya maji zisizimike. Lakini nyumba yenye mgonjwa anayehitaji umeme haiachwi hivi hivi. Karani huandika jina la mgonjwa na mtaa wake kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha betri, na fundi, kabla ya kukata, huisoma karatasi kwa sauti, kisha hupeleka betri ya kubeba kwenye kila nyumba iliyoandikwa. Wanachama wenyewe ndio waliopitisha hivyo, na walijivuna nayo. Mwaka huu majina yalikuwa kumi na moja. Hafidha aliyakusanya mlango kwa mlango, na mlango mmoja tu aliuruka, nao ni wa kwao.

Mzee Twalib alikuwa mpika halwa. Kuanzia Mapinga mpaka Pangani, harusi isiyokuwa na halwa yake watu waliisema. Miaka thelathini na tano alisimama juu ya moto wa kuni akikoroga, na moshi ukaingia mapafuni ukakaa humo. Daktari wa Dar es Salaam alisema wazi kwamba si kifua kikuu. Haya, nenda kawaeleze watu wa Mkondeni, wanaopenda kujua kilichopikwa kwa jirani kuliko kilichoungua kwao. Mpika halwa anayekohoa, nani atakula halwa yake? Bi Zuwena akaamua kusitiri. Mashine ya kumsaidia mumewe kupumua iliingizwa nyumbani ndani ya boksi la cherehani, na Mina wa nyumba ya pili akaja kumpongeza Bi Zuwena kwa cherehani mpya, kitambaa chake cha kushonewa kiko kwapani.

Ndipo ikaja siku ya tatu ya mvua. Masoud aliyasoma yale majina, Hafidha kasimama kando yake. Akamuuliza, “Hakuna nyumba iliyosahaulika?” Hafidha akajibu, “Hakuna.” Alijua nyumbani upo mtungi wa hewa wa akiba, na umeme ukikatika mama atamhamishia baba huko. Masoud akapeleka betri zake kwa guta lake la magurudumu matatu, akarudi chepechepe, akakata laini ya Mtaa wa Halwa. Kule nyumbani koki ya mtungi ilikuwa imekaza. Bi Zuwena alihangaika nayo kwa mikono, kwa kitambaa, kwa meno. Ukuta wa pili tu, kwa Mina, walikuwapo vijana wawili wenye nguvu zao. Hakuwaita. Alipoamua kuwaita, mumewe alikwisha kata roho.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa nne. Wanaume wakaenda makaburini, Masoud akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na wanawake wakabaki matangani kama ilivyo ada. Bi Zuwena akamvuta binti yake chumbani. Alimwambia kwamba mashine watu wamekwisha kuiona, na sasa watauliza kwa nini mgonjwa hakuandikishwa. Watasema Zuwena kamuua mume kwa ajili ya biashara ya halwa. “Nisitiri, mwanangu,” alisema. Mji ulikuwa mtupu, hakuna hata mtu mmoja njiani. Hafidha akaenda kituoni na ufunguo wake wa karani, akaandika chini ya jina la kumi na moja: Twalib Alawi, Mtaa wa Halwa.

Baada ya matanga Masoud alifungua kile chumba, akafunga mlango, akaona majina kumi na mawili. Tangu siku hiyo alijiita muuaji, na hakuna aliyembishia.

Basi, tuendelee na siku yetu. Hafidha aliporudi kutoka uani, uso umeoshwa, ami yake alikwisha ondoka. Mama yake alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani.

“Umesikia,” alisema Bi Zuwena.

“Nimesikia, mama.”

“Ndilo hilo ulilokuwa ukilitaka.”

“Nilikuwa namtaka Masoud. Huyo anayeletwa Ijumaa ni mfungwa.”

“Atazoea. Mwanamume akipendwa anazoea.” Bi Zuwena aliushika ungo akaendelea na mchele alioachiwa. “Wewe unampata umpendaye, yeye anampata ampendaye, mimi nasitirika. Niambie hapo nani kapoteza.”

“Yeye. Amekonda mpaka shati linamning’inia. Mina anasema kila baada ya sala ya alfajiri anakwenda kaburini kwa baba, anakaa anazungumza peke yake. Anamwomba baba radhi, mama. Kwa kosa letu.”

Vidole vya Bi Zuwena vikasimama. “Na mimi namwomba radhi,” alisema. “Kila saa. Ila mimi siwezi hata kwenda kaburini.”

Hafidha alipiga magoti mbele yake. Alimpenda mama huyu, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Angekuwa mama mbaya, ingekuwa rahisi. “Nikimwambia ukweli atanikataa,” alisema. “Nisipomwambia, Ijumaa nitakuwa mke wake. Siri hii nimeibeba tangu siku ya mazishi, na kila nikijaribu kunyamaza namwona ameshika kichwa. Nipe ruhusa niende.”

“Ruhusa ya kwenda kunivua nguo mbele za watu?”

“Ya kwenda kumwambia mtu mmoja.”

Bi Zuwena alichukua punje ya chuya, akaitupa, akachukua nyingine.

“Ukienda,” alisema mama yake hatimaye, “usiniage.”

Hafidha akavaa baibui lake. Hakuaga.

Kituoni, jua lilikuwa kali la baada ya masika, lile linalojifanya kama halijawahi kutoweka. Masoud alikuwa juu ya ngazi anafuta vumbi kwenye paneli, ndoo ya maji chini, kama kwamba kesho ataamka azifute tena. Alipomwona alishuka taratibu. Macho yao yakakutana, na Hafidha, ambaye njia nzima alikuwa anapanga maneno, akayasahau yote. Mwanamume huyu alikuwa na namna ya kumtazama, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, tangu siku ya kwanza alipokuja kuwafungia mita. Namna hiyo ilikuwapo bado. Kilichokuwa kimeondoka ni furaha yake.

“Hukupaswa kuja hapa,” alisema Masoud. “Watu watasema.”

“Wamekwisha sema.”

“Ami kakwambia?”

“Kaniambia.”

“Na wewe wasemaje?” Alijifuta mikono kwenye suruali. “Maana nimemuuliza ami yako, nimemuuliza imamu, nimewauliza wazee wangu wa Fukayosi. Wewe peke yako sijakuuliza. Utaweza kukaa nyumba moja na mtu aliyemfanyia baba yako vile?”

Hafidha alitazama paneli zilizofutwa, safu baada ya safu. “Kazi hii unaipenda,” alisema.

“Naipenda. Siku ya kwanza ya kuwasha Mtaa wa Halwa, kuna bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza, sasa mjukuu wangu, hii inapulizwa wapi ili izime.” Tabasamu lilimpitia likaondoka. “Nitayakosa hayo. Lakini mkono uliokata ile swichi sitaki uguse swichi nyingine.”

“Masoud.”

“Niliisoma ile karatasi, Hafidha. Kwa sauti. Mpaka leo nikilala naisoma, nafika jina la kumi na moja nasimama. Sijui kwa nini nilisimama pale. Jina la mzee lipo, mwandiko wako, wino ule ule. Macho yangu yalikuwa wapi siku ile? Hebu niambie wewe uliyekuwapo.”

“Jina halikuwapo.”

Masoud alimtazama kwa huruma, akidhani msiba umemchanganya. “Lipo. Nimelisoma mara mia.”

“Lipo sasa. Siku ile halikuwapo. Ulisoma kumi na moja kwa sababu yalikuwa kumi na moja. La baba nililiandika mimi kesho yake, nyinyi mlipokuwa makaburini.”

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kitambaa alichokishika, yanalowesha kiatu chake. Masoud hakuona. Alirudi nyuma hatua mbili akakaa kwenye ngazi.

“Sema tena,” alisema.

Akasema tena, safari hii kuanzia mwanzo. Alimweleza moshi na daktari wa Dar es Salaam, boksi la cherehani, mtungi wenye koki iliyokaza. Alimweleza jinsi mama yake alivyomlilia siku ya mazishi. “Lakini kalamu niliishika mimi,” alisema. “Simsukumii mama.”

“Nilikuuliza siku ile.”

“Uliniuliza.”

“Nilikuuliza kama kuna nyumba iliyosahaulika.”

“Nikasema hakuna. Nilijua mtungi upo. Ulipomaliza kukata nilitaka kukimbia nyumbani nikahakikishe. Kisha ukaanza kunieleza habari ya kile kiwanja ulichonunua Zinga, utajengaje, dirisha la jiko litazame wapi. Ulikuwa unacheka, nguo zimekuganda kwa mvua, nikabaki kukutazama. Nusu saa, Masoud. Baba yangu anakata roho, mimi niko hapa nakutazama ukicheka.”

Siku zote za matanga hakulia mbele ya mtu, watu wakasema binti ana moyo mgumu. Sasa alilia amesimama, mikono imelegea, bila hata kujifuta.

Masoud akasimama. Hafidha alidhani atamjia. Mwili wake wote ulimngoja. Hakuja.

“Unajua nilichowaambia watu?” alisema Masoud, na sauti ilikuwa ya chini sana. “Waliponiuliza kama karani alikuwapo kituoni, nilisema hakuwapo. Nilidhani ulinisikia nikisoma kumi na moja ukapitiwa kama nilivyopitiwa mimi, nikaogopa wasije wakakutia lawamani na wewe, mtoto wa marehemu. Niliapishwa msikitini, Hafidha. Nikaapa uongo, ili usiguswe.”

“Sikujua.”

“Ungejuaje. Ulikuwa hunisogelei.”

“Nilikuwa naogopa ukinitazama utajua.”

“Nisingejua. Mimi nikikutazama huwa sioni baya.”

Afadhali angempiga. Hafidha alijishika kwenye nguzo ya paneli, ikamchoma kwa joto la jua, hakuiachia. “Nisamehe,” alisema.

“Nimekusamehe.” Lilitoka upesi, bila kufikiri, na moyo wa Hafidha ukaruka. “Baba alikuwa wako, mama ni wako, na hofu hiyo naielewa, hata kwetu shamba watu wanaficha wagonjwa. Nimekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini Ijumaa hakuna ndoa.”

“Masoud, tafadhali.”

“Ngoja nimalize, nisije nikashindwa. Nilikuwa tayari kuishi na mwanamke ambaye nilimuua baba yake. Nililipima hilo nikaona nitaliweza. Nitainama, nitamtumikia, ipo siku atanitazama bila kumwona marehemu. Nililipima kweli. Lakini wewe, siku arobaini umeniona. Siku ya hitima nilikaa nyuma kabisa, chakula hakipiti, ukaleta sinia mpaka mlangoni ukaniita mimi ndiye nilipokee. Ukaniambia, na wewe kula, Masoud. Kwa upole kabisa. Na ulikuwa unajua.”

“Nilitaka ule. Hilo halikuwa uongo.”

“Naamini. Ndiyo maana naogopa. Mwaka wa kumi wa ndoa nitakuuliza mtoto ana homa tangu lini, utanijibu kwa upole huo huo, na mimi nitakaa nikijiuliza kama ndivyo. Wewe utaumia kwa kutoaminiwa, mimi nitaumia kwa kutokuamini. Bora tuumie sasa, tungali wawili tu.”

“Nakupenda,” alisema Hafidha. Hakuwahi kulitamka. Miaka miwili walikuwa wanalizunguka kwa maneno ya mita na betri na mvua.

“Najua. Na mimi nakupenda, usidhani limekwisha. Lingekuwa limekwisha, ningekwisha rudi juu ya ngazi.”

Wakasimama hivyo, hatua nne baina yao. Mita za ukutani zilikuwa zinavuma kidogo, na kutoka mjini muadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti. Masoud akaokota kitambaa, akakikamua, akakitandaza juu ya ndoo kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba hicho ndicho kitu pekee alichobakishiwa duniani.

“Mkutano ni baada ya alasiri,” alisema bila kumtazama. “Ukitaka kusema, sema. Usipotaka, nitawapa funguo kama nilivyoahidi, nitarudi kwetu Fukayosi nikalime, na jina la mama yako halitatoka kinywani mwangu. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.”

Hafidha alijua atatimiza. Ilibaki juu yake sasa.

Alasiri wanachama walikaa kwenye kivuli cha paneli, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Bi Esha, mwenyekiti wao, kwenye kiti cha plastiki mbele. Ami Shuaibu alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ya nguvu. Masoud alisimama na bunda la funguo mkononi.

“Ndugu wanachama,” alianza, “kosa lililotokea masika...”

“Kosa si lake.”

Hafidha alikuwa amesimama kabla hajajua kwamba atasimama. Vichwa vyote vikageuka. Aliwaambia kwamba baba yake alikuwa mgonjwa na hakuandikwa. Kwamba fundi aliisoma karatasi yote na hakuruka kitu. Kwamba jina la kumi na mbili liliandikwa baada ya kifo, na aliyeliandika ni karani wao. Walimuuliza kwa nini. Akasema aliogopa maneno ya watu. Walimuuliza nani alimtuma. Akasema hakutumwa. Masoud aliinua macho akamtazama hapo, mara moja, kisha akayateremsha.

Ami Shuaibu aliinuka, akakung’uta kanzu, akaenda zake bila kusema na mtu. Wanawake waliokuwa wamebanana na Hafidha kwenye mkeka walisogea, kila mmoja kidogo tu.

“Masoud,” alisema Bi Esha, akijifuta macho kwa ncha ya kanga, “umesikia. Unasemaje?”

“Nilisikia kabla yenu. Nimemsamehe.”

“Basi funguo zirudishe mfukoni, mwanangu. Na utusamehe na sisi, tuliokuacha uapishwe.” Kisha akamgeukia Hafidha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka. “Wewe mwanangu, ufunguo wa karani niachie hapa.”

Hafidha akaufungua kwenye pindo la mtandio, akauweka. Kuna mwanamke aliyeuliza chini chini habari ya ndoa ya Ijumaa. Aliyeketi naye akamfinya.

Alirudi kwa njia ya nyuma ya shule, isiyo na watu. Alikuwa hajafika mbali aliposikia magurudumu ya guta nyuma yake, yanakwaruza mchanga, na hakuhitaji kugeuka kujua ni la nani. Sitaki kumcheka, kwa kuwa yeyote kati yetu angefanya vile: alipunguza mwendo. Alijifuta macho, akaurekebisha mtandio, akajiambia kwamba njia ni nyingi na Masoud kachagua hii, huenda kuna neno alilolibakisha. Guta lilimkaribia mpaka akausikia na mlio wa mnyororo.

Masoud hakusimama, wala hakukaza mwendo.

“Asalaam alaykum,” alisema, kwa sauti nzuri, yenye adabu, ile ile anayompa kila mtu anayempita njiani.

“Waalaykum salaam,” alijibu Hafidha.

Akapita. Ngazi yake ilikuwa imefungwa kwa kamba juu ya guta, inachezacheza kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo, naye akawa anairudisha kwa mkono mmoja bila kugeuka. Hafidha alisimama akimtazama mpaka alipokata kona ya msikiti, kisha naye akashika njia ya kwao.